Nyumba Isiyolaliwa

Bungoma,
21 Januari 2024

Mama Sally,

Salamu nyingi. Tulikubaliana mambo ya nyumba tusiyaongee kwa simu, kwa sababu kwa simu kila mtu anasubiri mwenzake avute pumzi ili amkate maneno. Kwa hivyo naandika, na bahasha hii utaletewa na Gathii wa ofisi ya vifurushi, kama tulivyopanga.

Jana nilienda Kimilili na kaka yangu Absalom. Nilienda nikiwa na nia ya kutafuta makosa. Unanijua. Mtu aliyefanya kazi ya kutunza ghala la ofisi ya maji hawezi kuingia mahali bila kutazama dari kwanza.

Nyumba iko nyuma ya kiwanda cha kahawa, kwenye mteremko unaotazama Mlima Elgon. Tulipofika mlima ulikuwa wazi wote, hauna wingu hata moja, na ulikuwa karibu kiasi kwamba Absalom aliinua mkono kana kwamba ataugusa. Ni nyumba ya matofali, vyumba vitatu, sebule na jikoni. Sakafu ni nyekundu na imepigwa rangi mpaka unajiona miguu. Nilipitisha kidole juu ya fremu ya mlango kwa ndani, pale ambapo hakuna mtu hufuta. Kidole kilitoka safi. Ukutani hakuna hata tundu la msumari. Jikoni hakuna moshi.

Nikasema moyoni, hii ni nyumba mpya, waliotuambia ni ya miaka mingi wametudanganya. Lakini nilipopanda juu ya ndoo nikaangalia mabati, nikaona ni yale mazito ya zamani ambayo hayauzwi tena. Mbao zake zimekauka kwa miaka. Nyumba ni ya zamani, Mama Sally, na haijawahi kutumika. Nimezoea kuona vitu vilivyozeeka kwa kutumiwa. Hiki kilizeeka kikisubiri.

Mwenyewe ni mama mzee, mjane, anaitwa Phelista. Anaishi katika nyumba ndogo ya kando, uwanja ule ule. Nilimuuliza, "Mama, nani alikuwa anakaa hapa?"

"Hakuna."

"Na nani amewahi kulala?"

"Hakuna mtu. Mimi nafagia tu." Halafu akanishika mkono. "Kijana, sikia vizuri. Hii ni mahali ya mtoto wangu, Joan. Mwenye kununua ajue hivyo kabla hajafungua mfuko."

(Unajua sisi watu wa Bungoma r na l zetu zinavyokaliana viti. Nimeandika alivyokusudia, si alivyotamka.)

Nikamjibu, "Ni nzuri sana, mama. Nitaitunza hivyo hivyo. Sitabadilisha."

"Na bibi yako?"

"Si huyo ndiye namnunulia? Yeye ataingia kwanza, mimi nitafuata."

Hapo alinishika mikono yote miwili, akanitazama usoni kwa muda mrefu mpaka nikaona haya. Alisema wengine waliokuja walitaka kugawa vyumba wapangishe. Bei hata hakutaka tuizungumze sana. Alisema atanisubiri mimi.

Makosa niliyoyaona ni madogo. Mfereji wa bati upande jua linakochomoza umelegea. Na mlango wa mbele hauna pahali pa kufuli kwa nje. Una komeo kwa ndani tu. Hilo tutarekebisha siku ya kwanza.

Fikiria: asubuhi mimi nashuka kwa njia ya Chwele mpaka Bungoma, wewe unapanda kwa njia ya Kamukuywa mpaka dukani kwako Kitale. Jioni tunarudi kwenye mlango mmoja. Tumeoana miaka minane na hatujawahi kufanya hivyo wiki moja nzima.

Wako,
Baba Sally


Kitale,
26 Januari 2024

Baba Sally,

Barua nimeisoma hapa hapa agroveti, katikati ya mifuko ya mbegu, na Gladwell anayenisaidia dukani akaniuliza kama ni ya mapenzi. Nikamwambia ni ya mabati.

Umeandika vizuri. Lakini kusema kweli, wewe kunyoosha r na l za mtu mwingine ni kama kipofu kumwonyesha mwenzake njia. Ulipokuja kwetu Endebess kujitambulisha ulimwambia baba yangu kwamba umekuja "kureta shukurani," akacheka mpaka akasahau kukutisha.

Sasa niache mzaha. Kuna neno limenikaa kooni. "Hii ni mahali ya mtoto wangu." Mama anayefagia nyumba tupu miaka yote, haruhusu mtu alale, na anataka mnunuzi ajue kabla ya kutoa pesa. Mume wangu Kizito, huyo Joan yuko wapi? Uliuliza? Kwenu mtu huzikwa nyumbani. Ulizunguka nyuma ya nyumba ukaangalia chini, ama ulikuwa juu ya ndoo ukiangalia mabati?

Mimi nataka tuishi pamoja kuliko unavyodhani. Juzi mwalimu wa Sally aliwauliza watoto nani yuko nyumbani kwao, na Sally akasema, "Mama, na kuna mgeni wa Jumamosi." Mwalimu aliniita pembeni, akaniangalia vibaya, mpaka nikamweleza kwamba mgeni huyo ni baba mzazi.

Lakini hata hivyo sitapika chakula juu ya mtoto wa mtu.

Wako,
Mama Sally


Bungoma,
31 Januari 2024

Mama Sally,

Hakuna kaburi. Nyuma kuna ndizi, parachichi mbili na kamba ya kuanikia nguo. Udongo ni sawa, haujainuka popote. Nadhani huyo Joan ni binti aliyeolewa mbali, na mama mzee anamkumbuka tu. Wazee huwa hivyo.

Absalom anasema tusilale. Nyumba ya namna hii ikisikika sokoni itaondoka. Yeye atakuwa shahidi wangu kwa wakili. Kuhusu jina kwenye mkataba, anasema nyumba ya mume na mke huandikwa jina la mwanamume, ndivyo baba alivyofanya na babu pia, na mimi sikuona sababu ya kubishana. Ni jambo la karatasi tu.

Niambie kama uko tayari ili nitafute tarehe.

Wako,
Baba Sally


Kitale,
12 Februari 2024

Baba Sally,

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nilienda Kimilili. Sikukuambia. Nilimwachia Gladwell duka, nikaenda kuangalia huo udongo kwa macho yangu.

Nilimkuta mama mzee anafagia uwanja. Nikamsalimia, "Kukhu," kama mnavyomwita nyanya huko kwenu, akajibu bila kusimama.

"Unatafuta nani?"

"Mimi ni mke wa Kizito. Yule wa Bungoma."

Ufagio ulianguka. Alinishika mkono kama mtu anayemtoa mtoto barabarani, akanivuta mpaka mlangoni. "Kuja! Kuja uone mahari yako!"

"Mahali pangu?"

"Mahari."

"Mahali, Kukhu?"

"Ma-ha-ri! Ninyi Wasabaoti wa mlimani si ndiyo mnatuchekanga ati hatusikii? Sasa ni wewe umeziba? Ng'ombe, mama! Ng'ombe!"

Baba Sally, si mahali. Ni mahari. Nyumba ile yote ni mahari.

Tulikaa sakafuni, yeye na mimi, na akanieleza. Nitakuandikia kama nilivyosikia, ingawa wewe mwenyewe unayajua, kwa sababu nataka ujue kwamba sasa na mimi nayajua.

Yeye alipokuwa msichana aliolewa na mtu mkali. Siku moja alikimbia kwa baba yake, uso umevimba. Baba yake hakumwuliza alichofanyiwa. Alimwambia, "Rudi. Ng'ombe zako zilishamwolea kaka yako." Akarudi. Aliniambia, "Njiani nilikuwa natembea nikisema, nikizaa msichana, yake haitaliwa."

Alizaa mmoja tu, Joan. Mume akafa mapema. Joan alipopata mchumba wa Malakisi, mkulima wa tumbaku, ng'ombe zikaja, na wajomba na baba wadogo wakaja nyuma yao wakiwa wamenoa visu. Kukhu alisimama mlangoni. Alizipeleka zote mnadani, akanunua kile kiwanja, akajenga chumba baada ya chumba. Ukoo ulimwita mchawi. Walisema mwanamke anayeweka mahari ya binti anamwombea binti talaka. Hakuwajibu. Alijenga.

Nilimuuliza kwa nini mlango hauna kufuli kwa nje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini kikombe kina mdomo.

"Mtu akifukuzwa huwa amebeba ufunguo?"

Unaelewa? Mlango ule haujawahi kufungwa kwa nje tangu ulipowekwa. Joan angeweza kufika wakati wowote, bila kumwamsha mtu, bila kuomba, bila kueleza. Angeingia, kisha angefunga komeo kwa ndani. Na hakuna mtu duniani ambaye angemwambia, "Rudi, tumekula."

"Na alikuja?" nikauliza.

"Akuje kufanya nini? Anakuja kunisalimia, anarudi kwake. Bwana yake ni mtu mzuri." Alipitisha kiganja juu ya sakafu aliyoing'arisha. "Lakini mimi sijui kama ni mzuri kwa sababu ni mzuri, ama ni mzuri kwa sababu alijua hii mlango iko."

Nilitazama miguu yangu, nikaona sina viatu. Sikumbuki ni lini nilivivua.

Sasa Joan ana nywele nyeupe na amemwambia mama yake auze. Lakini Kukhu hakutaka kuuza ukuta. Alitaka mtu atakayeipokea kama ilivyo, iwe mahari ya mwanamke mwingine, na pesa zirudi kwa Joan mwenyewe, kwa sababu ni ng'ombe zake. Wote waliokuja walimcheka au waliogopa. Ndipo akaniambia kuhusu wewe. "Nilimwambia ni mahari, hakushtuka hata kidogo. Akasema ni nzuri sana, nitaitunza hivyo hivyo. Akasema bibi yangu ataingia kwanza, mimi nitafuata. Mama, mimi ni mzee. Sijawahi kusikia mwanaume akisema hivyo."

Kizito, hata mimi sijawahi. Umekuwa ukiniletea barua za mabati na mifereji, kumbe ulikuwa umeficha jambo hili nyuma yake. Nilienda kwa mama yangu kule Endebess nikamweleza. Mama huwa halii. Aliniuliza mara mbili, "Kizito ndiye alisema hivyo? Kizito wako?" Nikamjibu ndiyo, wangu.

Mkataba uandikwe wakati wowote. Mimi niko tayari.

Mkeo,
Mama Sally


Bungoma,
19 Februari 2024

Mama Sally,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kwamba ulifika na ukapokelewa vizuri. Huku kuna kazi nyingi, mabomba mapya yameletwa na lazima yaingizwe ghalani kabla ya mvua.

Mambo ya mkataba tuyaache kidogo. Absalom anauliza tarehe, lakini nimemwambia asubiri.

Msalimie mama yako.

Wako,
Baba Sally


Bungoma,
3 Machi 2024

Mama Sally,

Ile barua yangu fupi haikuwa barua. Naomba usome hii polepole, na usinipigie kabla ya kufika mwisho.

Nilisikia mahali.

Mama Phelista alisema mahari, na mimi, kwa kuwa nimeishi maisha yangu yote katikati ya watu wanaosema "nimerara" na "chakura," nilimsahihisha kichwani kabla hajamaliza. Niliposema ni nzuri sana nilikuwa nasifu kiwanja. Niliposema nitaitunza hivyo hivyo nilimaanisha sakafu. Niliposema utaingia kwanza nilimaanisha kwamba mimi itabidi nimalize mwezi katika chumba changu cha kupanga hapa Bungoma. Mtu uliyemsifu katika barua yako, ambaye mama yako aliuliza juu yake mara mbili, sikuwa mimi.

Niliposoma barua yako nilijaribiwa kunyamaza. Ahadi ilikuwa tayari imetolewa, wewe, mama yako na Mama Phelista mmefurahi, ningekuwa nimepata sifa bila jasho. Lakini pia nilikuwa nimemwahidi Absalom kuhusu jina. Nilikuwa nimebeba ahadi mbili zinazopigana, moja niliyoijua na moja nisiyoijua, na kila nilipokaa kukuandikia nilijikuta naandika mambo ya mabomba.

Jana nilienda Kimilili peke yangu. Nilimkuta mama mzee anachambua maharagwe. Sikukaa.

"Mama, ile siku nilisema nitaitunza, sikukusikia vizuri."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia mahali. Pahali. Hii kiwanja."

Aliinua kichwa. "Ati ulikuwa unasifu ukuta?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka mpaka ungo ukamteleza na maharagwe yakamwagika. Alicheka akishika nguzo. Mimi nilipiga magoti nikaanza kuyaokota, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Halafu kicheko kikakatika, na nilipoinua macho nikaona hacheki tena kabisa.

"Na sasa umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usinijibu hapa nje. Ingia kule ndani ukae. Ukitoka utaniambia."

Niliingia. Hakuna kiti, kwa hivyo nilikaa chini, mgongo ukutani, nikitazama mlango. Safari ya kwanza niliingia hapo kama mkaguzi. Safari hii sikuthubutu hata kuegemeza kichwa. Nimeingia katika makanisa makubwa, nimesimama kwenye mazishi ya watu wakubwa, lakini sijawahi kuhisi udogo kama nilivyouhisi kwenye ile sakafu. Kazi yangu ni kutunza vitu vitakavyotumika. Bomba likikaa miaka bila kutumika, tunaliita hasara. Na hapa nilikuwa ndani ya kitu ambacho mtu alikitunza kwa miguu na mikono yake, maisha yake yote, akiomba Mungu kisitumike hata siku moja.

Kisha nikalitazama lile komeo, na ndipo nikaelewa jambo ambalo barua yako haikusema. Komeo lile liliwekwa kwa ajili ya mwanamume wa upande wa nje. Joan alimpata mtu mzuri, na nyumba haikujua hilo, ilijiandaa tu. Nikiinunua kama ilivyo, itakuwa inajiandaa kwa ajili yangu. Nitakuwa nimelipia mlango unaoweza kufungwa mbele ya uso wangu siku nitakayokuwa mtu mbaya. Niliogopa, Mama Sally. Nilikaa nayo hiyo hofu mpaka nikaona kwamba haiondoki, na kwamba pengine haipaswi kuondoka.

Nilitoka nikamwambia, "Andika jina la mke wangu."

"Na lako?"

"Lake peke yake."

"Usiharakishe. Nenda ulale kwako. Wanaume wanageuka usiku kama chapati."

Nimelala na nimeamka. Sijageuka. Asubuhi ya leo, baada ya kanisa, nilimweleza Absalom. Alisimama katikati ya watu akasema kwa sauti, "Ati jina la mwanamke? Bana, si wewe hukuoa! Wewe umeolewa! Kizito ameolewa Kimilili!" Watu walicheka. Amesema hatakuwa shahidi na kwamba nisimtafute. Ni kaka yangu mkubwa, alinilipia karo baba alipougua, na maneno yake yameniuma mahali ambapo bado sijapajua jina.

Lakini sharti nikuambie tena kwa uwazi. Ahadi uliyoisifu sikuitoa. Niliyoitoa ni ya jana, na niliitoa nikiogopa. Kama ulikuwa tayari kwa ajili ya yule wa kwanza na si mimi, sema, na nitaelewa, na nyumba itatafuta watu wengine.

Kizito


Kitale,
8 Machi 2024

Kizito,

Mvua imekaribia na duka limejaa watu wa mbegu. Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika pale pa kusifu ukuta nilicheka mpaka mteja mmoja akadhani ninamcheka yeye, akaondoka bila mbolea yake. Halafu nikafika kwenye komeo, nikaenda kukaa stoo.

Nilikasirika, nisikufiche. Si kwa kusikia vibaya. Ni kwa lile jina ambalo wewe na Absalom mlishalipanga, halafu ukaniandikia kwamba ni jambo la karatasi tu. Hilo tutaliongea uso kwa uso, na utajibu.

Lakini kuhusu swali lako. Yule wa kwanza aliahidi kitu asichokijua, na kuahidi namna hiyo ni rahisi, hata kasuku anaweza. Wewe ulikijua, kikakuogopesha, ukatoka nje ukasema ndiyo. Sihitaji kumkumbuka yule mwingine.

Na mimi pia naogopa. Usiku uliopita nilijaribu kutamka, "Hii ni nyumba yangu," na sauti ilitoka kama ya mtu anayeazima. Kwa baba nilikuwa wa kuondoka. Kwenu nimekuwa wa kuletwa. Sijui mtu husimamaje akiwa wa mahali. Nitajifunza.

Nenda kwa wakili. Mwambie majina yangu yote matatu, na uyaandike vizuri, r zikae kwa r.

Mama Sally


Kimilili,
22 Aprili 2024

Kizito,

Ninakuandikia hapa kwenye sakafu ya sebule, kwa kuwa meza bado iko Kitale. Nilidhani barua zilikwisha. Lakini jana sikuwa na wewe, na yaliyotokea siwezi kuyasema kwa simu.

Kukhu Phelista aliniomba nimsindikize Malakisi. Pesa za Joan zilishaingia benki siku ile tuliposaini, kwa hivyo nilimuuliza tunaenda kupeleka nini. Akasema, "Kuna kitu benki haiwezi kusema."

Alivaa gauni jipya na viatu vya kanisani. Tulipokaribia boma la mkwe wake alisimama barabarani, mbali kidogo na lango, chini ya jua. Nilimwambia tuingie kivulini. Akanikemea: "Wewe! Mimi nikanyage kwa mkwe wangu? Unataka nife na aibu?" Basi nikaelewa jambo lingine ambalo sikulifikiria. Miaka yote hii hajawahi kuona nyumba binti yake anamolala. Alimjengea nyumba ya pili bila kuiona ya kwanza.

Nikaingia mimi kumwita. Joan alitoka na mikono yenye utomvu wa tumbaku. Ni mama mzima, mnene, mwenye kicheko. Alikuja akicheka, "Mama, si ungepiga simu tu, jua lote hili!" Mumewe alibaki mbali, nyuma ya banda la kukaushia majani, amegeuza uso upande kwa heshima. Lakini nilimwona amevua kofia.

Kukhu hakusalimia. Alinyoosha mikono yake miwili, mitupu, viganja juu, kama mtu aliyebeba kitu kizito.

Akasema, "Joan. Ng'ombe zako hizi. Zote. Hakuna mtu amekula."

Joan aliacha kucheka. Aliangalia ile mikono mitupu, na nikaona kwamba anaziona hizo ng'ombe moja moja. Yeye mwenyewe alinyoosha mikono yake michafu akapokea. Halafu akakaa chini kwenye vumbi la barabara kama mtoto, na mama yake akakaa kando yake na gauni lake jipya. Watu wa bodaboda walipita wakipunguza mwendo. Hakuna aliyepiga honi.

Nilisimama pale nikiwa na mkoba wa Kukhu mkononi. Sikujua nielekeze macho wapi. Nilijiona nimefika mahali ambapo kitu kikubwa kilikuwa kinapita, na kazi yangu ilikuwa kukipisha.

Tulirudi pamoja na Kukhu mpaka hapa. Aliusukuma mlango kwa mguu, akaangalia masufuria yangu, magodoro yetu, viatu vya Sally vimetupwa katikati ya sakafu yake. Nikaomba radhi kwa uchafu.

"Acha," akasema. "Nimefagia ya kutosha." Akaenda kwake kulala.

Kuhusu Absalom, mwache. Sitaki umwombe msamaha na sitaki umtukane. Barabara inapita Kimilili. Siku moja atasikia kiu.

Leo asubuhi nilipigilia msumari wa kwanza ukutani. Msumari ulipinda, nikaunyoosha, nikaupigilia tena. Nimetundika koti langu. Kisha nikapigilia wa pili kando yake, na huo hauna kitu bado.

Maliza mwezi wako, lete vitu vyako vyote, usiache hata kijiko. Kwenye godoro, upande wa dirisha nimekuachia wewe.

Viola Jerono Kipkemei,
mwenye nyumba